Kura Mnatuuzia, Hesabu Mnaificha

Usiku wa fainali una desturi yake. Ukumbi umejaa, taa zinacheza, wasanii waalikwa wameimba mpaka wamechosha. Mkurugenzi wa masoko wa kampuni inayodhamini amepanda jukwaani na kutoa hotuba ambayo hakuna aliyeiomba. Mfano wa hundi umeletwa, umepigwa picha, umerudishwa nyuma ya pazia. Mshereheshaji anashika bahasha, anaitazama kamera, ananyamaza, kisha anasema tutarudi baada ya matangazo. Tunarudi. Jina linatajwa, vipande vya karatasi vinamwagika kutoka darini, mshindi anapiga magoti na kulia. Na katika sebule nyingi za Afrika Mashariki, wakati huohuo, kuna mtu anasonya na kusema: "Hii ilishapangwa."

Waandaaji wanaichukia kauli hiyo. Wanaiita wivu, ushabiki, maneno ya waliokosa. Mimi naiita hukumu, na nasema wamejitakia wenyewe. Mtazamaji ametuma kura yake kwa ujumbe mfupi, mara nyingi kwa bei iliyo juu ya ujumbe wa kawaida. Ametuma tena na tena mpaka salio likaisha. Mwisho wa yote anatajiwa jina tu. Kura zilikuwa ngapi? Kimya. Wa pili alipitwa kwa kura ngapi? Kimya. Majaji walikuwa na uzito gani katika matokeo? Kimya. Nani alihesabu? Kimya kikuu. Halafu mtu huyuhuyu anatarajiwa aamini, ashangilie, na msimu ujao anunue vocha nyingine.

Kipindi cha mashindano kinasimama au kinaanguka kwa jambo moja. Mtazamaji aamini kwamba matokeo yametokana na alichokiona kwa macho yake na kura aliyoipiga kwa kidole chake. Hilo likiwepo, atavumilia jukwaa duni, sauti mbovu, hata mshereheshaji anayejipenda kuliko washiriki. Likikosekana, mwagieni mabilioni, leteni majaji kutoka sayari nyingine, bado mtakuwa mmeandaa tamasha la mdhamini lenye vijana wa kupambia.

Najua sababu zinazotajwa vijiweni kila kipindi kinapochuja. Ya kwanza ni kwamba vipaji vimekwisha. Uongo mtupu. Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki lililoanza 2006, lilitupa mshindi kutoka Kenya, Valerie Kimani. Baada yake wakaja Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda, Ruth Matete wa Kenya, na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Misimu sita, nchi nne zimebeba ushindi, na Tanzania isiyowahi kulichukua taji ilimpeleka Peter Msechu mpaka fainali mwaka 2010. Eneo hili halijapata kuwa na upungufu wa watu wanaojua kuimba. Nenda kwaya yoyote Jumapili, nenda kwenye kigodoro cha mtaa wowote wa uswahilini, utawakuta.

Sababu ya pili ni fedha. Nayo haisimami. Mwaka 2019 tuliletewa East Africa's Got Talent, tawi la chapa inayojulikana dunia nzima. Majaji walikuwa wanne, mmoja kwa kila nchi shiriki: Jeff Koinange wa Kenya, Gaetano Kagwa wa Uganda, Vanessa Mdee wa Tanzania na DJ Makeda wa Rwanda. Anne Kansiime akakabidhiwa usherehesho. Zawadi ilikuwa dola 50,000, na ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, wakaibeba. Fedha ilionekana, mitambo ilionekana, majina makubwa yalionekana. Msimu wa pili hatujauona mpaka leo. Fedha huanzisha kipindi. Haikifanyi kiwe cha watu.

Sababu ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: vipindi hivi havitoi nyota. Washindi wanapotea, wanasema, basi shindano halina maana. Hapa nitatofautiana na wengi. Runinga haina deni la kututengenezea nyota. Jennifer Hudson aliaga American Idol ya 2004 akiwa wa saba, na miaka mitatu baadaye akabeba tuzo ya Oscar. One Direction walimaliza wa tatu katika The X Factor ya Uingereza mwaka 2010, kisha wakaizunguka dunia. Hapa kwetu, Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012, lakini jina analovuma nalo leo alilijenga baadaye katika nyimbo za injili, kwa jasho lake. Umaarufu una njia zake, na haupiti lazima kwenye kombe. Deni la kipindi cha mashindano ni jingine na ni dogo zaidi: kuendesha shindano la haki na kuonyesha kwamba lilikuwa la haki. Deni hilo ndilo lisilolipwa.

Atakayesema nadai mambo yasiyowezekana, nitamrudisha kwenye kipindi ambacho Waafrika walikipigia kelele kuliko vyote. Big Brother Africa ilianza 2003, Cherise Makubale wa Zambia akashinda, Mwisho Mwampamba wetu akawa wa pili. Kelele zilikuwa za kila namna. Viongozi wa dini walilaani, wazazi waliwafukuza watoto sebuleni, Bunge la Malawi lilipiga kura kuzuia kipindi kisirushwe na mahakama ikaliondoa zuio hilo. Sitakitetea kila kilichoonyeshwa mjengoni, ndani ya jumba walimofungiwa washiriki. Mengi yalikuwa ya aibu, na kamera ya bafuni haikuwa na hoja yoyote zaidi ya kuvuta macho. Lakini watu waliendelea kutazama na kupiga kura msimu hadi msimu. Kwa nini?

Kwa sababu kanuni ya kura ilieleweka na matokeo yake yalionekana. Watazamaji wa kila nchi shiriki walipiga kura zao. Mshiriki aliyeongoza katika nchi hiyo alichukua kura moja ya nchi. Nchi nyingine zote za bara zisizo na mshiriki ziliunganishwa na kuhesabiwa kama kura moja. Mtu akitolewa, orodha ilitangazwa: nchi hii ilimpa fulani, nchi ile ilimpa fulani. Kesho yake vijiweni watu walikuwa na kitu cha kujadili chenye mifupa. Mbona Uganda wametutosa? Mbona Zambia wamembeba yule? Mtu aliweza kukasirika, lakini alimkasirikia mpigakura mwenzake wa Kampala au Lusaka, hakumkasirikia mhesabuji asiyemjua.

Tazama pia haki iliyokuwa ndani ya kanuni hiyo. Mwaka 2013 Nigeria ilikuwa na watu zaidi ya milioni 160, Namibia milioni mbili na ushei. Mjengoni kila moja ilikuwa na kura moja. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Dillish Mathews wa Namibia, na alichukua dola 300,000. Mwaka uliofuata moto uliliunguza jumba kule Johannesburg, kipindi kikachelewa kuanza mpaka Oktoba, lakini kilipoisha dola 300,000 zilikuja Tanzania mkononi mwa Idris Sultan, kama Richard Bezuidenhout alivyozileta 100,000 mwaka 2007. Kwa kuhesabu vichwa tu, hakuna Mnamibia ambaye angeota ushindi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kanuni ile ilimtaka mchezaji atunzwe kwao na kwa majirani pia, na ndiyo maana mshiriki alilazimika kuishi vizuri na bara zima. Kanuni iliutengeneza mchezo, na mchezo ukaitengeneza hadhira.

Mfano mwingine ulichezwa kwenye ardhi yetu wenyewe. Mwaka 2001 Wamarekani walikuja hifadhi ya Shaba, Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kupiga picha za msimu wa tatu wa Survivor. Watu kumi na sita waliachwa nyikani kwenye joto na ukame, nyuma ya boma la miiba, wakitolewa mmoja mmoja. Aliyebaki, Ethan Zohn, alichukua dola milioni moja, na sehemu ya fedha hizo akaitumia kushiriki kuanzisha Grassroot Soccer, taasisi inayotumia mpira kuwafundisha vijana wa Afrika juu ya Ukimwi. Lakini kilichonivutia zaidi ni namna ya kutolewa. Kila mshiriki huandika jina kwa mkono wake, hulitumbukiza ndani ya chombo, na mwendeshaji huzitoa karatasi moja baada ya nyingine na kuziinua mbele ya kamera. Jina linasomwa, linaonekana, linahesabiwa hadharani. Unaweza kuusema mchezo ule kuwa wa hila, kwa sababu ni wa hila kweli. Usaliti ndiyo mboga yake. Ila huwezi kusema kura zimepikwa. Kipindi kile kimo hewani tangu mwaka 2000, misimu zaidi ya arobaini na mitano. Watu hawajachoka kuona karatasi zikifunuliwa.

Sasa twende Korea Kusini, kwa sababu huko ndiko somo lilikotolewa kwa nguvu, na kila mwandaaji wa Afrika Mashariki angepaswa kulikariri. Kituo cha Mnet kilikuwa na shindano liitwalo Produce, la kuunda makundi ya muziki kwa kura za watazamaji. Lilipendwa mno. Fainali ya msimu wa nne ilirushwa Julai 2019, washindi kumi na mmoja wakatangazwa, na pamoja na majina yao zikatangazwa kura za kila mmoja. Mashabiki wakaketi na kalamu. Wakagundua kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 29,978, na tofauti hiyohiyo, namba kwa namba, inajirudia kati ya washiriki wengine kwenye orodha. Kura za mamilioni ya watu haziwezi kupangika hivyo zenyewe. Mtu alikaa na kikokotoo akazitunga.

Mashabiki hawakuishia kusonya. Walikusanyika, wakapeleka malalamiko kwenye vyombo vya sheria, polisi wakaingia kituoni. Novemba mwaka uleule mtayarishaji mkuu akakamatwa. Kundi lililozaliwa kwa kura zile, X1, likavunjika Januari 2020 kabla halijamaliza hata nusu mwaka. Mei 2020 mahakama ikamhukumu mtayarishaji kifungo cha miaka miwili, baada ya kubainika kwamba misimu yote minne ilikuwa imechezewa. Vijana waliostahili kushinda walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao wakiamini kwamba umma uliwakataa. Na vijana waliotangazwa washindi, ambao huenda hawakujua lolote, walibaki na doa ambalo hawakulipaka.

Angalia uwongo ule ulinaswa na nini. Ulinaswa na namba zilizotangazwa. Wapishi wa kura walilazimika kuweka hesabu mezani, na meza ikawaumbua. Kama wangefanya kama wafanyavyo wengi kwetu, wakataja jina tu na kufyatua fataki, wangekuwa hewani mpaka leo, na mashabiki wao wangekuwa wanasonya sebuleni kama sisi. Ndiyo maana mtu anapoficha hesabu simwelewi anaponiambia nimwamini. Simtuhumu kuiba. Nasema amejiondolea yeye mwenyewe njia pekee ya kuthibitisha kwamba haibi.

Uingereza nao walipitia aibu yao. Mwaka 2007 iligundulika kwamba vituo vikubwa vilikuwa vinawatoza watazamaji fedha za simu kwa mashindano na kura ambazo hazikuwa na athari yoyote: laini za simu zilibaki wazi wakati washindi wameshachaguliwa, na kura nyingine hazikuzingatiwa kabisa. Msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, hakuandika barua ya onyo na kulala. GMTV ilipigwa faini ya pauni milioni 2. Mei 2008 ITV ikapigwa pauni 5,675,000. Pale ndipo kampuni zilipojifunza heshima. The X Factor ilikuwa ikitoa takwimu za kura za wiki zote baada ya fainali, na kwa takwimu hizo tunajua leo kwamba mwaka 2010 Matt Cardle aliongoza karibu kila wiki. One Direction wakawa matajiri kuliko yeye mara nyingi sana, lakini hakuna mwenye akili anayesema Cardle alibebwa. Hesabu ipo. Hesabu ilifunga mjadala ambao kwetu ungeishi miaka ishirini.

Marekani walishaumwa na nyoka huyu zamani zaidi. Ilipobainika kwamba washiriki wa mashindano ya maswali na majibu ya miaka ya 1950 walipewa majibu mapema, Bunge lao lilifanya vikao mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: kuchakachua shindano la kwenye redio au runinga kukawa kosa la jinai. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Hatuzungumzii uvumbuzi mpya.

Turudi nyumbani, na nianze kwa kutoa haki. Bongo Star Search ya Madam Rita Paulsen ilifanya jambo ambalo serikali na wizara zake hazikulifanya: ilikwenda mikoani ikamwita kijana asiye na ndugu mjini aje aimbe. Yeye, Master Jay na Salama Jabir walikaa kwenye meza ile mpaka wakawa sehemu ya simulizi za nyumbani. Maisha Plus ya Masoud Kipanya, iliyoanza 2009, ilikuwa na akili zaidi ya vipindi vingi vya ng'ambo. Iliwachukua vijana wa mjini ikawapeleka kijijini, wachote maji, walime, wapike kwa kuni, waishi kwa kugawana kidogo. Baadaye kijiji hicho kikafunguliwa milango kwa wakulima wanawake wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoandaliwa na Oxfam, na tukaona kitu adimu kwenye runinga yoyote duniani: mama anayejua kuhifadhi mbegu akitazamwa kama nyota. Mtazamaji wa Singida hakuhitaji kuelezwa ugumu wa jaribio. Alilifanya asubuhi ileile kabla ya kuwasha runinga. Huko ndiko kufaulu. Jaribio likiwa la kweli, mtazamaji anaweza kulipima mwenyewe, na akiweza kulipima anaweza kuiamini au kuikataa hukumu kwa hoja.

Lakini mazuri hayo yanachafuliwa na mazoea manne, na yote manne ni ndugu wa kuficha hesabu.

La kwanza ni usaili wa kuchekana. Kijana aliyekosa sauti anaachwa apite mchujo wa awali wa watayarishaji, anapelekwa mbele ya majaji makusudi ili anyanyaswe, na kipande chake kinarudiwa kwenye matangazo wiki nzima. Kucheka tunacheka. Ila mtazamaji anajifunza somo moja bila kuambiwa: hapa watu hawapitishwi kwa uwezo tu, wanapitishwa kwa mahitaji ya kipindi. Akishajifunza hilo kwenye usaili, mtamsahaulishaje kwenye fainali?

La pili ni machozi ya kununulia kura. Kamera inakwenda kijijini, inaonyesha nyumba ya tope, bibi anayeumwa, kinanda cha huzuni kinapigwa chini yake. Umaskini si aibu na hadithi ya mtu ni haki yake. Lakini mshiriki mmoja akipewa dakika sita za machozi na mwenzake dakika moja ya wimbo, mizani imekwisha kuguswa kabla ya kura ya kwanza. Wapeni wote muda sawa, muwaache waimbe.

La tatu ni majaji wasiotoa sababu. Jaji mkali hanisumbui. Ian Mbugua alikuwa mkali katika Tusker Project Fame na watu walimpenda kwa kumwogopa. Kinachonisumbua ni jaji anayesema "umeua", wiki inayofuata anasema "umeua tena", wiki ya tatu anamtoa mtu huyohuyo bila kueleza kilichobadilika. Na mbaya kuliko hilo, hatujui neno lake lina uzito gani. Ni nusu ya matokeo? Ni robo? Ni mapambo? Kama majaji wanaamua, semeni wanaamua, msituuzie kura. Kama sisi tunaamua, basi majaji wakae kama washauri. Mchanganyiko usio na vipimo ni kichaka cha kujifichia.

La nne ni kanuni zinazobadilika njiani. Wiki ya tano mshiriki ametolewa, wiki ya saba amerudishwa kwa "nafasi ya pili". Fainali ilikuwa ya watano, sasa ni ya sita. Mlisema wiki hii anatoka mmoja, wametoka wawili. Watayarishaji wanaliita hilo msisimko. Kwa aliyepiga kura, ni kuambiwa kwamba kura ya wiki ya tano ilikuwa ya bure. Fedha yake je, ilirudishwa?

Hapa ndipo tunapofika kwenye fedha, kwa maana ndipo penye mfupa wenyewe. Kura ya ujumbe mfupi ni bidhaa. Inauzwa, na mapato yake hugawanywa kati ya mtandao wa simu, kampuni inayoendesha namba fupi na wenye kipindi. Kwa kuwa ni bidhaa, muuzaji hataki ukomo. Mtu mmoja anaruhusiwa kutuma kura hamsini, mia, kadiri ya mfuko wake. Matokeo yake mshiriki mwenye mjomba tajiri, au mwenye mheshimiwa wa jimbo anayetafuta jina, anaanza mbio akiwa mita hamsini mbele. Vikundi vya kuchangishana vocha vinaundwa. Halafu tunaambiwa wananchi wamechagua. Kilichochagua ni salio.

Nimewasikia waandaaji wakijitetea, na nitazijibu hoja zao tatu.

Wanasema namba zikitangazwa kila wiki zitawaelekeza wapigakura. Ni hoja nzuri, nami naikubali nusu. Basi zifungieni mpaka fainali ipite, halafu zitoeni zote, wiki kwa wiki. Waingereza walifanya hivyo na jua liliendelea kuchomoza.

Wanasema zitamdhalilisha aliyepata kura chache. Hapa najizuia nisicheke. Ninyi mliomweka mtoto wa watu kwenye matangazo akiwa amepotea noti, mkamrudia mara ishirini ili taifa limcheke, leo mmekuwa walinzi wa heshima yake?

Wanasema ni siri ya biashara. Huu ndio utetezi wa kweli, na ndio unaoniudhi. Nina shaka kwamba katika baadhi ya vipindi kinachofichwa si hata wizi, ni uchache wa kura. Mdhamini ameahidiwa mamilioni ya mashabiki. Namba halisi zikionekana, mkataba wa mwaka kesho utapata homa. Yaani tunafichwa hesabu ili mdhamini asijue kwamba tumeshaondoka. Na tumeondoka kwa sababu tunafichwa hesabu. Mduara huo wameuchora wenyewe.

Na zipo hesabu nzito kuliko hizi zilizowekwa wazi. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi ya Kenya iliweka fomu 34A, zenye matokeo ya vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Vyombo vya habari, wanafunzi, vijana wenye simu tu mkononi, wote walijumlisha kura za urais kwa mikono yao. Ubishi haukuisha, ulifika Mahakama ya Juu. Lakini watu walibishana juu ya karatasi zinazoonekana. Kama nchi iliyowahi kumwaga damu kwa ajili ya uchaguzi iliweza kuweka hesabu ya rais hadharani, kampuni ya runinga inashindwaje kuweka hesabu ya mwimbaji?

Kwa hiyo madai ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya. Kanuni zichapishwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla ya kura ya kwanza, zikiwa na uzito wa majaji kwa asilimia, na zisiguswe mpaka fainali. Kila namba ya simu iwe na ukomo wa kura. Mhakiki huru atajwe kwa jina na atie saini kwenye hesabu. Kura zote, za kila mshiriki na kila wiki, zitolewe ndani ya siku saba baada ya fainali. Na fedha ya zawadi iwekwe benki kwenye akaunti ya amana kabla ya msimu kuanza, maana tumechoka kuwasikia washindi wakizunguka kwenye redio kudai walichoonyeshwa kwenye mfano wa hundi.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania, TCRA, na ile ya Kenya zisimame hapa. Mtandao wa simu ukimkata mteja shilingi kwa huduma isiyotolewa, mnajua la kufanya. Kura isiyohesabiwa ni huduma isiyotolewa. Wadhamini nao waache kuuliza tu nembo yao itaonekana mara ngapi. Waulize kura zinahesabiwa na nani, kwa sababu jina lao limo kwenye bango siku watu wanaposema tumeibiwa.

Na wewe msomaji, una nguvu kuliko wote hawa. Msimu ujao utakapotangazwa, uliza mambo matatu kabla ya kununua vocha: kanuni ziko wapi, nani anahesabu, na namba zitatangazwa lini. Wakikujibu, piga kura kwa moyo wote, shangilia, bishana na jirani mpaka usiku wa manane. Wasipokujibu, tazama kipindi, cheka, furahia nyimbo, lakini simu yako iache mfukoni. Mwenye kukuuzia kura akakataa kukuonyesha hesabu hastahili shilingi yako.